Je, Fundi Mwingine Anaweza Kuitengeneza?

Somo la robo hii: kuwafundisha wanafunzi wa uhandisi kubuni vitu vinavyotengenezeka na kuunganishika kwa urahisi



Kila mwaka mwanzoni mwa mwezi Agosti, viwanja vya Nzuguni mjini Dodoma hupokea wakulima na wafugaji wa Kanda ya Kati wanaokuja kwenye maonyesho ya Nane Nane. Mabanda ya vyuo na ya mafundi wabunifu huvuta watu wengi. Pale utaona mashine ya kupukuchua mahindi, ya kukata majani ya mifugo, ya kubangua karanga. Lakini mjumbe wa kamati ya maendeleo ya parokia akiuliza bei, na akiuliza ni lini anaweza kupata tatu, mara nyingi jibu huwa kwamba hii ni ya mfano, ipo moja tu.

Hatuyasemi haya kwa kuwadharau vijana. Kuunda mashine moja inayofanya kazi mbele ya watu ni jambo kubwa, na anayeliweza anastahili pongezi. Hata hivyo mashine moja si bidhaa. Bidhaa ni kitu ambacho fundi mwingine, asiyewahi kuonana na aliyekibuni, anaweza kukitengeneza, na cha kumi kikalingana na cha kwanza, kwa bei inayojulikana. Kikiharibika kijijini kinafunguliwa kwa spana iliyopo. Kwa maoni yetu, fedha nyingi za ufadhili hupotelea katika safari hiyo ya kutoka mashine ya kwanza hadi ya kumi, na safari hiyo inafundishwa kidogo mno. Ndiyo maana tumeona tuitolee somo, ili kamati zinaponunua, na wafadhili wanapochangia vyuo, wajue la kuuliza.

Maswali matatu kwa kila kipande

Aliyeiweka elimu hii katika hali ya kufundishika darasani ni Mwingereza Geoffrey Boothroyd, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akichunguza jambo ambalo mafundi walilijua bila kuliandika: mkono unatumia muda gani kuokota kipande, kukigeuza kikae upande unaotakiwa, kukiingiza mahali pake na kukifunga. Baadaye alishirikiana na Mwingereza mwenzake, Peter Dewhurst, na kazi yao ikaendelea katika Chuo Kikuu cha Rhode Island. Mwaka 1991 wote wawili walipewa Nishani ya Taifa ya Teknolojia ya Marekani. Kabla ya hapo ilikuwa kawaida mchoraji kumaliza mchoro wake na kuupeleka karakana, na shida yoyote iliyobaki ikawa ya fundi.

Kiini cha mafundisho yao ni maswali matatu, ambayo hata mtu asiyesoma uhandisi anaweza kuyauliza. Kwanza, mashine ikifanya kazi, je, kipande hiki kinasogea kikilinganishwa na vile ambavyo vimekwisha kuunganishwa? Pili, je, ni lazima kiwe cha mali nyingine, pengine kwa sababu ya joto, umeme au kulika? Tatu, je, ni lazima kiwe peke yake, la sivyo vipande vingine havitaingia au havitatoka? Kama jibu ni hapana mara zote tatu, kipande hicho hakina sababu ya kuwa peke yake. Ama kiwe sehemu ya jirani yake, ama kiondolewe.

Tuchukue mfano wa kifuniko cha mkanda kwenye mashine ya kukoboa. Tuseme mwanafunzi amekichora kifungwe kwa bolti 6, na kila bolti ina nati moja na washa mbili. Ukihesabu pamoja na kifuniko chenyewe, ni vipande 25. Sasa tuulize. Kifuniko kina sababu ya kuwa peke yake, maana lazima kitoke ili mkanda ubadilishwe. Bolti, nati na washa hazina sababu, kazi yake ni kushikilia tu. Mwanafunzi akikunja ukingo mmoja wa kifuniko ukajishika kwenye fremu, na upande wa pili akaufunga kwa bolti moja yenye nati ya masikio inayokazwa kwa vidole, anabaki na vipande vinne: kifuniko, bolti, washa na nati.

Wafadhili watasema hiyo ni nafuu ya shilingi chache. Lakini fikirini kinachotokea mashineni. Kifuniko chenye bolti 6 hufunguliwa siku mkanda unapokatika, na kwa kuwa kukirudisha ni kazi ya robo saa na wateja wamepanga foleni na ndoo zao, hakirudishwi. Kuanzia hapo mkanda unazunguka wazi, karibu na khanga ya mama na vidole vya mtoto aliyetumwa kusaga. Kwa hiyo idadi ya bolti si suala la gharama peke yake. Tena tuwe wakweli: mashine inayotikisika hulegeza nati, na ya masikio hulegea upesi zaidi. Mwanafunzi asiishie kwenye hesabu ya vipande. Aiendeshe mashine siku nzima aone kama kifuniko kimebaki mahali pake.

Somo la dawati

Mfano ambao parokia nyingi zinauelewa ni dawati la shule. Karibu kila kamati imewahi kuagiza madawati, na wengi mnakumbuka mwaka 2016, wakati nchi nzima ilipokuwa ikichangishwa madawati na kila karakana ikapata kazi. Dawati halina injini wala umeme, kwa hiyo makosa ya ubunifu yanaonekana wazi, na mwanafunzi hana pa kujificha.

Tuanze na chuma. Bomba la mraba huuzwa dukani kwa urefu wa mita 6. Tuseme dawati lina vipande vinne virefu, na mwanafunzi ameandika sentimita 105 kwa kila kimoja. Bomba moja litatoa vipande 5, na zitabaki sentimita 75 kasoro kidogo. Kwa madawati 100 zinatakiwa vipande 400, yaani mabomba 80. Akiandika sentimita 99 badala ya 105, bomba moja linatoa vipande 6, pamoja na unene wa msumeno unaokula milimita mbili tatu kila unapokata. Sasa mabomba 67 yanatosha. Mabomba 13 yameokolewa kwa kufuta tarakimu moja na kuandika nyingine, na mtoto aliyekaa hapo hataona tofauti. Mwanafunzi mwerevu atatuambia kwamba sentimita 75 zinazobaki si takataka kama dawati lina mguu wa sentimita 70. Ni kweli, na huo ndio mjadala tunaoutaka. Asiyejua urefu wa bomba dukani hawezi hata kuuanza.

Halafu kuna suala la kushoto na kulia. Fremu ya upande wa kushoto wa dawati ikiwa tofauti na ya kulia, fundi anahitaji vipimo viwili, atatengeneza nyingi za upande mmoja, na siku ya kufunga atagundua ana za kushoto 110 na za kulia 90. Fremu ikibuniwa iweze kukaa pande zote mbili, tatizo hilo halizaliwi. Vivyo hivyo bolti. Mchoro unaotumia bolti za spana namba 13 tu, mahali pote, ni bora kuliko unaotaka namba 10, 13 na 17, hata kama bolti ndogo ni rahisi zaidi kwa bei. Atakayelifunga dawati hilo upya mwaka wa tano ni mwalimu wa zamu au mzee wa kanisa mwenye spana moja.

Sehemu inayotupendeza zaidi ni mbao, kwa sababu hapa ndipo Dodoma yenyewe inapoingia katika mchoro. Mbao nyingi za misonobari zinazouzwa nchini hutoka Nyanda za Juu Kusini, huko Mufindi kwenye shamba la Sao Hill, ambako kuna ukungu na mvua. Dodoma hupata mvua isiyozidi sana milimita 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na miezi iliyobaki hewa ni kavu. Mbao ikikauka husinyaa kwa upana, lakini kwa urefu haibadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo meza ya dawati iliyobanwa kwa bolti pande zote mbili kwenye chuma kisichosinyaa haina pa kwenda, na itapasuka katikati ya kiangazi. Dawa yake ni ndogo. Upande mmoja wa meza ufungwe kwenye tundu la mviringo, na upande wa pili kwenye tundu lililorefushwa kidogo kufuata upana wa mbao, ili bolti isogee mbao inaposinyaa. Tundu refu halitaki chuma cha ziada. Linataka mbunifu anayejua kwamba dawati lake halitakaa Mufindi.

Hatimaye lori. Madawati yaliyounganishwa kabisa mjini na kupelekwa Mpwapwa au Kondoa yanajaza lori kabla uzito wake haujafika popote, maana unasafirisha hewa iliyo kati ya miguu. Yakipelekwa fremu zimelazwa, mbao zimefungwa kwa kamba na bolti zimo kwenye mfuko, lori lilelile linabeba mengi zaidi. Lakini uamuzi huo haufanywi siku ya kupakia. Ulitakiwa kufanywa kwenye mchoro, kwa kuchagua bolti mahali ambapo vinginevyo pangechomelewa.

Mashine ya alizeti na kanisa

Kuna historia ya hapa nchini ambayo tungependa kila mwanafunzi wa uhandisi aisome. Katikati ya miaka ya 1980 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, likisaidiwa na shirika la Lutheran World Relief na shirika jingine la Marekani lililoitwa Appropriate Technology International, lilikuwa na mradi mkoani Arusha wa kuwawezesha wanavijiji kukamua mafuta ya alizeti. Mashine za mkono zilizotangulia zilikuwa za kukamua kwa mafungu. Mbegu zilitakiwa kusagwa au kukobolewa, kupashwa moto, kujazwa kwenye ngoma yenye matundu, kukandamizwa, kisha mashudu yatolewe na kazi ianze upya. Hatua zilikuwa nyingi, na kila hatua ilitaka chombo chake.

Mhandisi wa Kimarekani Carl Bielenberg, aliyekuwa katika mradi huo, alibuni mashine ya namna nyingine. Mkono mrefu wa chuma unasukuma pistoni nyembamba ndani ya silinda fupi. Mbegu zinadondoka zenyewe kutoka kwenye hopa kila pistoni inaporudi nyuma. Pistoni ikisonga mbele inazisukuma ndani ya kichujio, mafuta yanatoka kwenye nafasi za pembeni, na mashudu yanatokea mwisho kupitia mlango mwembamba unaoweza kukazwa au kulegezwa. Mbegu inaingia nzima na maganda yake, bila kusagwa wala kupikwa. Kuianika juani kunatosha. Ukitazama kwa jicho la somo letu, kilichopunguzwa si vipande vya mashine tu. Vyombo vizima vimeondolewa, yaani kinu cha kukoboa na jiko la kupashia moto.

Mashine za mwanzo zilikuwa nzito mno kuzisukuma, zikahitaji wanaume wenye nguvu, ingawa jikoni mafuta ni shughuli ya akina mama. Baadaye zikaja ndogo zenye pistoni nyembamba zaidi. Hesabu yake inafaa ubaoni. Pistoni ya kipenyo cha milimita 40 ina uso wa milimita za mraba 1257 hivi, na ya milimita 30 ina 707. Ili kupata mgandamizo uleule, ya pili inataka nguvu pungufu ya tatu kwa tano ya ile ya kwanza. Mafuta kwa kila msukumo ni machache, ni kweli, lakini mama anaweza kuiendesha bila kuajiri mtu, na chuma kinachotumika ni chembamba na cha bei nafuu. Mashine za aina hii zilienea hadi Zimbabwe, Zambia, Msumbiji na Gambia.

Ugumu wake upo mahali pamoja, pale pistoni na silinda zinapokutana. Nafasi ikiwa kubwa, mbegu zilizopondwa na mafuta hurudi nyuma ya pistoni. Ikiwa ndogo mno, pistoni inakwama. Na karakana nyingi zetu zina mashine ya kuchomelea, grainda na drili. Ya kukerezea wanayo wachache. Tena chuma kikichomelewa hupinda kinapopoa, hivyo silinda iliyokuwa sawasawa asubuhi si sawasawa jioni. Mchoro unaosema tu "chomelea hapa" umemwachia fundi shida yote. Mchoro mzuri unamwambia achomelee kwanza na kukereza tundu baadaye, au unampa kifaa cha kushikilia vipande visipinde. Kifaa hicho mafundi hukiita jigi. Ni fremu imara ambayo vipande vinabanwa ndani yake mahali pake hasa, fundi anachomelea, anatoa, na kinachofuata kinatoka vilevile.

Huko Kenya, shirika la ApproTEC, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1991 na Martin Fisher na Nick Moon na ambalo sasa linaitwa KickStart, lilichukua mashine ya aina hii na kuibuni upya kwa jina la Mafuta Mali. Mkazo wao ulikuwa hapohapo: jigi, vipimo vinavyokaguliwa, na vipuri vinavyoingia kwenye mashine yoyote bila kupigwa nyundo. Kwa njia hiyo waliuza baadaye pampu nyingi za umwagiliaji za kukanyaga. Sisi tunaona kwamba jigi yao ina mafunzo kwa vyuo vyetu kuliko hata mashine yenyewe.

Leo alizeti nyingi ya Singida na Dodoma inakamuliwa kwa mashine za injini au umeme, na ni sawa. Mwaka 2021 Serikali ilipolivalia njuga zao hili, mikoa hii miwili pamoja na Simiyu ndiyo iliyowekwa mbele. Lakini mashine ya umeme nayo ina parafujo na vichujio vinavyolika, na mwenye kinu wa Manyoni anayesubiri kipuri kutoka ng'ambo katikati ya msimu anauliza swali lilelile: je, kuna fundi wa karibu anayeweza kukitengeneza hiki kikaingia?

Pampu ya spana moja

Upande wa maji mfano ulio bora ni Afridev, pampu ya mkono ambayo wengi mnaijua kwa sura. Ilianza Malawi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikaendelezwa Kenya, hasa kwa majaribio ya Kwale huko Pwani ya Kusini, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia. Wabunifu walipewa sharti ambalo wahandisi hawakuzoea: anayeitengeneza ni mwanakijiji, si gari la Idara ya Maji. Sharti hilo moja liliamua karibu kila kitu. Pampu inafunguliwa kwa spana moja. Beringi zake ni za plastiki, zinabanwa mahali pake kwa mkono bila kuhitaji mtambo wa kugandamizia. Bomba la kisimani ni pana kiasi cha kuweza kuvuta pistoni na valvu ya chini juu bila kung'oa bomba lenyewe. Na michoro yake iko wazi, haina mwenye hakimiliki wa kudai malipo, ndiyo sababu viwanda vya nchi mbalimbali vinaitengeneza.

Si kila kisima kinafaa, na hili tunalisema wazi kwa parokia za Dodoma. Afridev ni ya maji yaliyo kwenye kina cha mita 45 hivi kwenda juu, na sehemu nyingi za kwetu maji yako chini zaidi. Mwanafunzi anayeisoma asiinakili. Asome namna sharti la matengenezo lilivyowekwa kwanza, kabla ya mstari wa kwanza wa mchoro.

Mahali penyewe

Kanda yetu ina kumbukumbu chungu ya mashine zisizobuniwa kwa ajili yake. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga pale Kongwa. Walileta matrekta yaliyosalia vitani, na mengine yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta kiwandani Uingereza. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi unaokauka ukawa kama saruji, na una chenga zinazokula chuma. Majembe yakachakaa, mvua ikawa haba, na Januari 1951 mradi ukafutwa baada ya kula mamilioni ya pauni. Sababu zilikuwa nyingi na si za mashine tu. Lakini tukipita na wanafunzi njia hiyo, tunaona inafaa kuwauliza: kama ungeitwa mwaka 1946 kuchora jembe la Kongwa, ungeanza kwa kwenda wapi?

Darasani inakuwaje

Chombo cha kwanza cha somo hili ni spana. Wanafunzi wapewe kitu kilichokufa, pasi, pampu ya baiskeli, mashine ya kushonea, wakifungue chote mkekani, wahesabu vipande na kuuliza maswali matatu juu ya kila kimoja. Hapo wataanza kuona kwamba mtu fulani aliamua kila bolti iwepo.

Zoezi la pili ni gumu na ndilo tunalolithamini kuliko yote. Kundi la kwanza linachora kitu kidogo, tuseme mwiko wa kujengea au bawaba ya lango. Kundi la pili linapewa mchoro na chuma, linatengeneza, na haliruhusiwi kuuliza swali hata moja. Kila mahali fundi anapokwama panawekwa alama nyekundu. Ni mara chache mchoro utarudi mweupe. Vijana hukasirika, wanasema wenzao hawakuelewa, na mwalimu mwema atawakumbusha kwamba fundi wa Bahi naye hatakuwa na namba yao ya simu.

Zoezi la tatu ni kutengeneza vitano, si kimoja. Vitano hivyo vifunguliwe, vipande vyote vichanganywe kwenye ndoo moja, kisha viunganishwe upya bila kuchagua. Kipande kinachokataa kuingia kinaonyesha kipimo ambacho mchoro haukukilinda. Hapa ndipo mwanafunzi anaelewa kwa nini lazima aandike si kipimo tu, bali na kiasi cha kukosea kinachokubalika. Na aelewe pia kwamba kuandika kiasi kidogo mno pasipohitajika ni kumtesa fundi na kupandisha bei bure.

Katikati ya hayo mwanafunzi aende sokoni na daftari. Aulize chuma cha pembe kinauzwa urefu gani, bati lina unene gani, ni beringi zipi zipo Dodoma mjini na zipi lazima ziagizwe Dar es Salaam. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973, mwaka uleule lilipoanzishwa shirika la SIDO la viwanda vidogo, na mwaka uleule TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma. Mafunzo kwa vitendo viwandani yamekuwa sehemu ya masomo hayo. Tungependa vitendo hivyo vifike pia kwenye karakana ndogo za vyuo vya VETA na za mafundi wa mitaani, ambako kuna kijana wa miaka 19 anayejua kuhusu kupinda kwa chuma mambo ambayo mhandisi hajayasikia. Mwanafunzi akae naye juma moja, amwite fundi, na ashike chepe akiambiwa.

Wanafunzi wenye elimu ya juu kabisa nao hupitia njia hiyo. Amos Winter alikuja Tanzania mwaka 2005 akiwa mwanafunzi wa MIT huko Marekani, kuangalia hali ya watumiaji wa viti vya magurudumu. Kilichotokana na kazi hiyo ni kiti cha kuendeshwa kwa mikono miwili ya chuma, kilichojaa vipuri vya baiskeli kwa sababu mafundi baiskeli wapo kila kijiji. Kilipojaribiwa Afrika Mashariki kilikwenda vizuri kwenye njia mbovu, lakini ndani ya nyumba kilikuwa kipana na kizito mno. Walirudi mezani wakachora tena.

Kwa kamati na kwa wafadhili

Chuo kikiwaletea ombi la fedha za kuunda mashine, ulizeni ni kiasi gani kimetengwa kwa ajili ya jigi. Ombi likiwa na fungu la mashine ya mfano na fungu la uzinduzi, lakini halina fungu la jigi wala la kumlipa fundi wa pili atengeneze kwa kufuata mchoro, lirudisheni kwa upole. Ni heri kufadhili mashine moja ndogo iliyotengenezwa mara tano na karakana mbili kuliko mashine tano tofauti.

Kamati inayonunua iombe karatasi moja tu: orodha ya vipande, idadi yake, na duka ambalo kila kimoja kinapatikana. Muuzaji asiye na karatasi hiyo hajamaliza kubuni. Na iombwe bei ya mashine ya kumi, si ya kwanza, kwa sababu ya kwanza daima ina gharama za kujifunza.

Zoezi la robo hii kwa kamati ni hili. Nendeni kwenye stoo ya parokia, mchukue kitu kimoja kibovu: toroli, pampu, kiti cha ukumbini. Kileteni kwenye kikao pamoja na mkeka na spana zilizopo, bila kuazima nyingine. Katibu aandike mambo matatu: idadi ya vipande, idadi ya spana zilizohitajika, na vipande ambavyo havikujibu ndiyo kwa swali lolote kati ya yale matatu. Kisha kifungwe tena na mjumbe ambaye hakuwepo kilipofunguliwa. Bolti zitakazobaki mkekani ziandikwe pia, na orodha hiyo apewe fundi au mwalimu wa chuo atakayefuata kuja kuomba mchango.